Koti la Ouma

Tulikuwa tukitafuta nguo ya kumvisha mama mkwe wangu kabla ya kumzika, ndipo koti likatokea. Lilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la bati, chini ya leso na vazi lake la kanisani, limekunjwa ndani nje, na wifi yangu alipolinyanyua tu, chumba kizima kikanuka maji ya ziwa yaliyotuama. Miaka yote hiyo, na bado. Wifi alilitupa kitandani akajipangusa mikono kwenye gauni. "Si hii ilichomwa?" akaniuliza. Nikamwambia haikuchomwa. Mimi si mtu wa kuona mambo. Ninauza nguo za watoto pale sokoni Mamboleo, na wateja wamenisimulia mashetani ya kila aina wakitaka niwapunguzie bei, wala sijapunguza. Lakini mchana ule, wanaume wakisimamisha hema la wageni huko nje, niliketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, nikalitazama koti lile la kijivu, na baada ya miaka mingi nikaogopa tena kuachwa peke yangu na kitu kisicho na pumzi. Nilimwomba wifi asitoke.

Nilikuwa msichana wa Kondele, mtaa wa Kisumu, nilipoolewa pale, mbele ya Bondo, katika boma lililokuwa karibu na maji hivi kwamba kuku walikunywa ziwani. Kwetu kwa asili ni Maragoli. Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu. Kwa hiyo mimi na mama mkwe tulizungumza Kiswahili, chake alichookota sokoni Kisumu akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, changu cha mtaani, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekiharibu. Aliniita Nyar Kisumo, binti wa Kisumu, maana wake wote wa pale waliitwa kwa walikotoka. Ilikuwa miaka ya tisini, na mwaka huo ndio gugumaji lilifunga ziwa. Ukiamka asubuhi hukuona maji. Uliona shamba la kijani lenye maua ya zambarau mpaka macho yanapokoma, na chini yake ziwa limenyamaza. Hakuna wimbi, hakuna kasia. Upepo ukivuma shamba zima lilisogea, na kesho yake ukakuta ufuo umehama. Ng'ombe wa jirani aliingia humo akidhani ni malisho. Tulimwona akitembea kidogo, akila, anatikisa mkia, kisha hakuwepo. Majani yakajifunga pale pale. Jirani alisimama na kamba yake mkononi akiita jina la ng'ombe, na sisi wanawake tukarudi kuosha vyombo, lakini kwa mabakuli ya maji ya kisima.

Mume wangu Ouma alikuwa fundi wa mashua, na kazi ilikuwa visiwani, ambako gugu lilikuwa bado halijafika sana. Aliondoka mimba yangu ikiwa changa. Siku hiyo joto lilikuwa kali, akavua koti lake la mtumba na kukivika kile kiti cha mbao sebuleni kwa mama yake, akalinyoosha mabega vizuri. "Koti likiwa hapa, na mimi niko hapa," aliniambia, akacheka. Nikacheka pia. Sikujua kwamba kwa wakwe zangu huo haukuwa mzaha mtupu. Mwanamume akiwa safarini, na shughuli ya nyumba yake haiwezi kungoja, nguo yake huletwa isimame mahali pake. Mvua zilipofika niliona kwa macho yangu koti likibebwa shambani, likatundikwa kwenye mpini wa jembe, mama mkwe akaliambia kwamba udongo umelowa, ndipo tukapanda. Halafu likarudishwa kwenye kiti. Kila nilipofagia sebule nilizunguka mbali nalo. Nguo ikikaa kitini muda mrefu hulegea, lakini mabega yale hayakulegea. Nilimwambia mama mkwe hivyo siku moja, naye akajibu, "Basi usiliguse," akaendelea kuchambua mboga.

Sasa, koti liliweza kupanda mahindi lakini halikuweza kunipeleka kliniki. Mwanamke mwenye mimba hakujitembeza hivi hivi. Mimba ilikuwa ya nyumba ya mwanamume, wewe ulikuwa umeachiwa uibebe, na kwenda kuionyesha kwa watu bila neno la mwenyewe ilikuwa sawa na kupeleka sokoni ng'ombe asiye wako. Wala msidhani nilipigana. Mimi wa Kondele, niliyepita mlango wa kliniki kila siku nikienda shule, niliketi nikangoja ruhusa, na sikuona ajabu. Ouma alikuwa ameniruhusu mara ya kwanza, kabla hajaondoka. Kuhusu mara ya pili hakusema kitu, na hakuna aliyethubutu kulirefusha neno lake. Aliyepata njia ni mama mkwe. Zahanati ilikuwa jirani na posho mili, mashine ya kusaga unga, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba nesi alipima watoto huku unga ukimwangukia nywele. Basi mama mkwe akawa mtu wa kusaga kila mara. "Nyar Kisumo, twende tusage," alisema kwa sauti, boma zima lisikie, akajitwika debe ambalo siku nyingine lilikuwa na mahindi ya kushika kiganjani tu. Njiani hatukuzungumzia tunakokwenda. Hata baina yetu wawili tulikuwa tunaenda kusaga.

Mimba ilipokuwa nzito, nesi aliibonyeza miguu yangu kwa kidole na kidole kikaacha shimo. Alinipima presha, akapima tena. Hakunitazama mimi, alimtazama mama mkwe. "Miguu hii imeanza kufura lini? Na kichwa, kinamuuma?" Mama mkwe akasema kinaniuma, ingawa sikuwa nimemwambia. "Huyu asizalie nyumbani," nesi akasema. "Akizalia nyumbani mtazika wawili. Aende hospitali kubwa Kisumu, na asingoje uchungu, aende wiki hii. Bwana yake iko wapi?" Visiwani, tukasema. "Basi mwambieni." Tukarudi na unga wetu wa kikombe. Nilikuwa natembea nyuma ya mama mkwe nikitazama visigino vyake, na nakumbuka nilichoogopa zaidi njia nzima si kufa. Niliogopa ataingia bomani aseme nini.

Katika boma lile, Ouma akiwa hayupo, mkubwa alikuwa kaka yake, shemeji Okeyo. Sitaki mtu amsome hapa kama mtu mbaya. Alikuwa mpole, hakuwahi kuinua mkono kwa mkewe, na wakati wa njaa alitugawia mtama wake bila kuombwa. Afadhali angekuwa mbaya, ningejua namna ya kumchukia. Jioni ile nililala chumba cha ndani nikawasikia wanazungumza sebuleni, ugali na omena mezani, koti likiwa kitini kati yao. Mama mkwe alimweleza kila kitu, mpaka habari ya posho mili. Okeyo alitafuna kwa muda. "Hii maneno iko na mwenyewe, Mama," akasema. Mama mkwe akasema mwenyewe yuko mbali. "Basi atumiwe habari. Mimi nikisema bibi ya Ouma aende, watu watauliza, huyu Okeyo anatuma bibi ya ndugu yake kama nani? Mtu anatuma bibi ya ndugu yake siku ndugu amekufa. Wewe unataka mimi niue Ouma na mdomo yangu?" Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. "Kuna koti," mama mkwe akasema. "Koti inaweza kusimama, Mama. Haiwezi kusema. Koti haina mdomo." Alikuwa anasema ukweli wa kwao, na mimi kule ndani, na miguu yangu iliyofura, nilitikisa kichwa kumkubalia. Kesho yake mama mkwe alimtuma mtu wa mashua ampelekee Ouma habari kwamba mkewe anahitaji neno lake.

Jibu lilikuja mchana mmoja usio na upepo. Nilikuwa nimejilaza karibu na dirisha, nikaona mwanamume mrefu amesimama na mama mkwe katikati ya mtama, kofia mkononi, miguu imejaa matope ya kijani mpaka magotini. Nilimtambua. Alikuwa Ochola, fundi mwenzake Ouma, aliyekuja naye kwetu Kondele siku ya posa na kula chapati zote. Sikusikia walichosema. Niliona tu mama mkwe akishika bua la mtama, likavunjika. Akashika jingine, likavunjika nalo. Kisha akainua mkono akamwonyesha Ochola njia ya kurudi ziwani, namna unavyomfukuza mbwa, naye akaenda hata bila kupewa maji ya kunywa. Hilo lilinishtua kuliko yote. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka pale na kiu. Alipoingia ndani nilimwuliza, "Ouma amesemaje, Mama?" Alikuwa anapangusa mikono yake, anapangusa, anapangusa. "Amesikia," akasema. Nikauliza kama amesema niende. Alinitazama usoni, halafu tumboni, halafu kile kiti. "Atasema," akanijibu.

Tangu jioni hiyo alianza kulipakulia koti. Hakueleza, nami sikuuliza. Alimimina maji ya kunawa taratibu mbele ya kiti, yakatiririka sakafuni, akaweka sahani yenye ugali na upande wa samaki wenye kichwa, ambao pale ni wa baba mwenye nyumba, kisha akaketi mkabala bila kula chochote. Alizungumza nalo Kijaluo kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Nilijiambia ni paka. Hatukuwa na paka. Siku iliyofuata nilipita nikaona pindo la koti limelowa na kidimbwi kidogo chini ya kiti. Nikajiambia ni yale maji ya kunawa, na huenda yalikuwa hayo. Lakini harufu yake haikuwa ya maji ya kisima. Wakati huo kichwa changu kilikuwa kinapasuka, na mchana mweupe niliona vimulimuli pembeni mwa macho, kwa hiyo siapi kwa lolote. Nilijua jambo moja tu: kwamba mama mkwe alikuwa ananipoteza au anajipoteza mwenyewe, na kwamba kama amerukwa na akili, basi sina mtu mwingine pale.

Halafu wakaja nyawawa. Watu wa ziwani wanawajua: ni wale waliokufa majini, wanaopita kwa kundi jua likishatua, na unawasikia kabla hujajua unasikia nini. Sauti ya watu wengi wanaozungumza mbali, wote kwa pamoja, hakuna neno hata moja linaloshikika. Ilitoka ziwani, ambako kwa miezi hatukuwa tumesikia hata wimbi. Boma la kwanza likaanza kupiga sufuria, likafuata la pili, ukawa moto wa kelele unaokimbia ufuoni, maana nyawawa hufukuzwa kwa kelele, wasipate mlango wa kuingia. Watoto wa Okeyo walipiga mabati. Mke wa Okeyo alipiga mchi kwenye kinu. Mimi nilishika kikombe cha bati na kijiko nikapiga kwa nguvu zangu zote, tumbo limeniziba pumzi. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule na kifuniko cha sufuria mkononi, na hakupiga. Sauti ilipokaribia aliinama akakiweka kifuniko chini polepole, kisilie. Akaenda mlangoni akaufungua wote, akasimama kando, kama unavyompisha mtu aingie. Nikaacha kupiga. Hewa ya baridi ikapita sebuleni ikanigusa vifundo vya miguu, na sauti ikapita ikaenda zake, na yeye akaendelea kusimama pale akiutazama ua mtupu. "Mama, funga mlango," nikamwambia. Akasema, "Bado kidogo."

Asubuhi iliyofuata niliamka nusu ya chumba haionekani. Vidole vyangu havikujikunja. Nilijikokota hadi mlangoni nikaketi kizingitini, na Okeyo alikuwa uani akinoa jembe, akanisalimia kisha akatazama pembeni, maana na yeye alikuwa anaona. Ndipo mama mkwe alipotoka amevaa koti. Hakuwa na kitambaa kichwani, na sikuwahi kumwona hivyo, nywele zake fupi nyeupe wazi juani. Koti lilimkaa. Mwanamke mfupi, aliyekonda, na mabega ya koti yalikuwa yamejaa. Alitembea kwa mguu wa kulia unaochelewa kidogo, kama Ouma alivyotembea tangu shoka limkate. "Okeyo," akaita. Na hapo ndipo nilipokishika kizingiti kwa mikono miwili, kwa sababu sauti ile niliijua kutoka kitandani kwangu. Okeyo alisimama, jembe likamwanguka. "Mke wangu anaenda Kisumu leo," koti likasema. "Anaenda hospitali. Mimi nimesema. Umesikia, ndugu yangu?" Kuku waliendelea kuparua. Okeyo alitazama yale mabega, akatazama chini. "Nimesikia," akasema. Kisha, taratibu sana, "Nimesikia, Ouma."

Tulisimama barabarani mpaka ikaja pikapu ya samaki inayokwenda Kisumu. Dereva alichungulia akamwona mtu mwenye koti ananishika mkono. "Mzee, wewe panda mbele, mama akae nyuma na masanduku," akasema. Mama mkwe hakumsahihisha. "Mke wangu akae mbele," akajibu kwa sauti ile ile, na dereva akafungua mlango bila neno jingine. Yeye akapanda nyuma kati ya samaki wa mbuta na barafu. Kwenye kioo cha dereva niliona kola na mabega ya kijivu yakiyumba na barabara, lakini uso sikuuona, jua lilikuwa linaufuta, na nilikuwa nimefika mahali ambapo sikujali tena aliye ndani ya lile koti ni nani mradi asishuke. Kisumu tulifika nikiwa sijielewi. Nakumbuka vipande: taa, dari, daktari kijana mwenye macho ya kukosa usingizi akisema lazima nipasuliwe sasa hivi na mume lazima akubali, mume yuko wapi? "Niko hapa," ikasema sauti ya mama mkwe. "Mama, mimi nauliza bwana yake." "Na mimi nakujibu. Mimi ndiye mwenye nyumba. Mpasue, mtoe mtoto, na umrudishe na yeye. Yeye pia, umenisikia?" Daktari lazima alikuwa amechoka, au alikuwa na mama yake mwenyewe mahali. Akaliambia koti lisubiri nje.

Nilirudi. Niliwekewa kifuani mtoto wa kike aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo, ndiyo maana tukamwita Awino, na nilikuwa nataka maji, na nilikuwa nataka Ouma aone vidole vyake. Nesi mmoja mnene wa Kakamega akatoka kwenda kumwambia mama mkwe kwamba wote wawili tupo. Ndipo kilio kikasikika. Kilianzia chini, kikapanda, kikapanda, mpaka wodi yote ikanyamaza na wagonjwa wakageukia dirisha. Nje, kwenye nyasi, mama mkwe alikuwa amevua koti, amelishika mbele yake kwa mabega, anapiga yowe kiasi cha ndege kuruka kutoka mitini. Nesi alirudi mbio. "Huyo ni nini tena?" Nikamwambia, "Ni furaha tu, Sista. Alikuwa na wasiwasi sana." Nesi akashika kiuno. "Furaha gani hii ya kufufua maiti?" Nikacheka. Nesi akacheka, na mama wa kitanda cha pili akacheka, na mishono ikaniuma nikazidi kucheka.

Niliporudi bomani na mtoto, mama mkwe alikuwa amenyolewa kichwa, na uani kulijaa watu. Aliniketisha, akamchukua Awino mikononi, ndipo akaniambia ziwa limemchukua Ouma. Mwili haukupatikana kamwe. Gugu halikurudisha kitu. Walizika tunda la yago, lile refu linalofanana na mtu aliyelala, kama wanavyofanya pale kwa aliyepotea, na wazee walitaka kulizungushia koti lake. Mama mkwe akasema ameshalichoma, akatoa shati. Mambo ya ujane yaliyofuata sina hamu ya kuyaeleza. Nitasema tu nilichokishikilia kilichoniwezesha kuinuka asubuhi. Nilijua Ochola alikuja kutoka kisiwani na neno la Ouma, mama mkwe akalisema kwa koti ili Okeyo akubali, na ndipo Ouma akafa. Kwa hiyo neno la mwisho la mume wangu duniani lilikuwa kwamba mimi niishi. Nimelala na hilo miaka yote. Nimemlea Awino nalo, nimemwambia baba yako aliniruhusu.

Ochola alifika jioni ile ile tulipolipata koti sandukuni, kabla ya ibada. Amezeeka, amepinda, bado anatembea na kofia mkononi. Aliniomba tuongee jikoni, ambako wanawake walikuwa wametoka kupokea wageni, na akakataa chai. "Nyar Kisumo," akasema, "mama alinifunga mdomo mpaka siku ya msiba wake. Leo nimefunguliwa." Nikamwambia aseme. "Siku ile kwenye mtama, mimi sikuleta ruhusa. Nilileta kifo. Habari yenu ilikuwa haijatufikia. Mashua ilikwama kwenye gugu, Ouma akashuka kulikata, na hakupanda tena. Nilikuja kumwambia mama yake." Nilisikia maji ya chai yakichemka, nikayaacha. "Hakulia. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hapa boma hakuna. Akasema, basi hapa boma Ouma yuko hai mpaka mimi niseme. Akaniambia wewe ukisikia leo, wewe ni mjane leo, na mjane hatoki bomani, hakanyagi kwa watu mpaka mwenye kufa azikwe. Na mwili haupo. Utakaa ndani kungoja ziwa, na tumbo hilo. Akaniambia, nenda, kule kisiwani wafunge midomo, nitakuita nikimaliza na mtoto wangu. Mimi nikadhani anasema Ouma. Alikuwa anasema wewe."

Nilikaa pale jikoni mpaka chai ikakauka. Sikuwa na haja ya kuuliza wala kuelezwa zaidi, mambo yalikuja yenyewe moja baada ya jingine: maji ya kunawa, upande wa samaki wenye kichwa, kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini kisilie kwa sababu angewezaje kuwafukuza nyawawa na mwanawe yumo. Nilikasirika pia, lazima niseme. Nilimkasirikia maiti. Alikuwa ameninyang'anya lile neno la Ouma, la pekee nililokuwa nalo, na Ouma hakuwa amelisema kamwe. Alikufa hata hajui kwamba miguu yangu imefura. Halafu hasira ikaisha ghafla, nikabaki na baridi mwilini. Nilimkuta Okeyo ameketi peke yake chini ya ukingo wa paa, mzee asiyeona vizuri, nikamwambia yote. Aliyasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo siku ile Ouma alikuwa ameshakufa, na neno ilikuwa yangu," akasema. "Ningesema uende, ungeenda." Nikamwambia asingesema, angeanza matanga, kama mtu yeyote wa pale. Hakubisha. Akanigeukia. "Lakini ilikuwa sauti yake, Nyar Kisumo. Mimi nimelala kitanda moja na Ouma tangu tukiwa wadogo. Mama alikuwa na mdomo yake, lakini ilikuwa sauti yake." Nikamwambia najua.

Wifi alikuwa ameshamchagulia mama mkwe gauni la buluu. Tulimvisha, na lilimpwaya. Nikalichukua koti kitandani nikaligeuza, ndani likawa ndani na nje likawa nje, na wifi akarudi nyuma mpaka ukutani. Okeyo alikuwa mlangoni. "Nyar Kisumo, koti ya mwanaume kwa mwili ya mama, hii maneno…" akaanza, kisha akaliachia hapo mwenyewe. Sikungoja mtu aseme. Mikono ya mama mkwe ilikuwa migumu lakini iliingia kwenye mikono ya koti bila taabu, na nilipofunga vifungo, mabega yalikaa. Pindo lilinilowesha viganja. Nikavipangusa kwenye gauni langu, nikamwita Awino aje amuage.

Kaburini walinisubiri mimi, maana mke wa mwana ndiye anayepaswa kuanza, na wote wanajua sisi watu wa Maragoli hatujui kulia Kijaluo. Nilidhani sitaweza. Lakini kilio kilianzia chini, kikapanda, kikapanda, na nilikijua kilipokuwa kinapita kooni mwangu, nilikisikia mara moja tu maishani, kupitia dirisha la wodi, nikiwa na mtoto kifuani na watu wanacheka na mimi nacheka. Safari hii hakuna aliyedhani ni furaha.